Amp ya mzee sasa inapiga muziki wa mtandaoni

Jamani leo nina furaha sana. Ile amp (mashine ya kukuza sauti) ya mzee, Technics ya miaka ya 80 iliyokaa sebuleni imefunikwa kitambaa, sasa hivi inapiga rhumba kutoka kwenye simu yangu!! Nilichonunua ni kirisiva tu cha Bluetooth, kidude kinachopokea muziki wa simu bila waya na kuupeleka kwenye amp, pale Kariakoo, elfu 35 pamoja na waya wake, ule wenye pini ndogo ya erfoni upande mmoja na pini mbili nyekundu na nyeupe upande mwingine.

Mwanzo nilichomeka kwenye tundu la PHONO sauti ikakoroma vibaya mno, moyo ukaruka nikadhani spika zimekufa, kumbe lile tundu ni la santuri, sindano inatoa sauti ndogo sana kwa hiyo amp inaikuza mara nyingi na kuongeza besi. Nikahamishia AUX, weee! Kama yako haina AUX chomeka kwenye tundu la CD au TAPE IN, ni sawa tu. Na sauti ya simu ipandishe juu, halafu punguza kwenye amp yenyewe.

Wenye wifi nyumbani na hela kidogo zaidi tafuteni kidude cha wifi kama WiiM Mini, hiyo inavuta muziki yenyewe kutoka mtandaoni, hata simu ikipigwa haukatiki. Mimi kwa sasa hiki kinanitosha kabisa.

Mzee kakaa karibu na spika tangu saa kumi, chai imepoa hajaigusa, kila wimbo ukiisha ananiambia mwanangu weka mwingine.