Laxton, kijiji ambacho bado kinakagua mipaka kwa miguu

Jamani, mi niko Nottinghamshire mwaka wa sita sasa na nikisema naishi Uingereza watu nyumbani wanaona London tu. Leo niwaambie kuhusu Laxton, parokia ndogo ya shamba, kanisa la zamani la Mtakatifu Mikaeli, baa, na nyumba za wakulima za matofali mekundu zimejipanga kandokando ya barabara, kwa sababu hapa mkulima anakaa kijijini na shamba liko nje.

Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ya kati walilima hivi: mashamba makubwa bila uzio, kila mtu ana vipande vyake vimetawanyika huku na huku, na kila mwaka shamba moja linapumzishwa. Halafu karne ya 18 na 19 bunge likapitisha sheria kwa maelfu za kugawa na kuzungushia uzio, watu wadogo wengi wakapoteza hata pa kulishia ng'ombe wao mmoja, inauma kusoma. Laxton ikapona. Mashamba matatu, West Field, South Field na Mill Field, bado yapo, na kuna ramani ya mwaka 1635 aliyochora mpima ardhi Mark Pierce inayoonyesha nani alilima kipande kipi.

Ila kilichonigusa ni baraza lao la kusimamia hayo mashamba. Kila mwisho wa Novemba wakulima wenyewe walioteuliwa kama wazee wa baraza wanaenda kukagua shamba lililopandwa ngano, baridi inakata na ule udongo wa mfinyanzi unang'ang'ania mabuti, wanaangalia vigingi vya mpaka, nani kalima akaingia kwenye njia au kwenye majani ya wote, na aliyezidisha anapigwa faini pauni chache wiki inayofuata mbele ya baraza. Ni mahakama kabisa, sheria inaitambua. Jirani anamwambia jirani umezidi, mwaka huo huo, kabla haijawa chuki.

Mi ni Mchaga wa Rombo, Kilimanjaro. Kwetu mpaka ni masale, mimea inayopandwa kutenganisha mashamba, na baba yangu na baba mdogo hawajasalimiana miaka kumi na moja sababu ya masale yaliyong'olewa usiku, hakuna aliyeona, na hakuna aliyewahi kwenda pale wote wawili wakasimama wakaangalia.

Jioni moja nikampigia kaka, nikamwambia Krismasi nikija tumuombe baba mdogo tuutembee mpaka wote, wazee wawepo, tupande masale upya. Akanyamaza kidogo. Akasema sawa, njoo na mabuti.