Rezista na kapasita mwishoni mwa waya wa spika

Amplifaya yangu ilikuwa inapata moto hata bila muziki, bati la kupozea halishikiki. Nikiunga waya wa kawaida wa nyuzi mbili, joto linashuka. Nikirudisha ule waya mnene wa kusukwa, linapanda. Osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme, ikanionyesha sababu: mstari uliotakiwa kuwa mwembamba ulikuwa umevimba na kuwa mkanda. Ni mtetemo wa kasi ambao sikio haliupati, ila transista zinaubeba muda wote.

Waya huo una mita 4. Nilipima kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ncha za mbali zikiwa wazi, nikapata nanofaradi 2 hivi. Nikazigusanisha, nikapima indaktansi (ukinzani wa waya dhidi ya mabadiliko ya mkondo): mikrohenri 0.2. Gawanya indaktansi kwa kapasitansi, toa kipeuo cha pili, unapata omu 10. Hiyo ndiyo impidansi ya waya wenyewe, yaani ukinzani ambao wimbi linaukuta likipita ndani yake.

Wapo wanaodai kuwa kuilinganisha impidansi hiyo na kilichopo mwishoni mwa waya kunaupa muziki ladha mpya. Siafiki. Wimbi la kilohezi 20 ndani ya waya huu lina urefu wa karibu kilomita 10. Mita 4 kwake si kitu. Shida iko huko juu kwenye megahezi. Huko koili ya spika inaziba njia, waya unakuwa kama umeachwa wazi, na wimbi likifika mwisho linarudi kuivuruga amplifaya.

Dawa ni mtandao wa Zobel, unaoitwa kwa jina la mhandisi Mmarekani Otto Zobel: rezista ya omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwa mfululizo, zikikaa sambamba na spika. Niliufunga upande wa spika, kwa kuwa ndiko wimbi linakogeukia. Kwenye kilohezi 20 kapasita bado inazuia kwa omu 80 hivi, muziki hauibiwi. Kwenye megahezi 1 inabaki omu 1.6 tu, na waya unakutana na rezista inayolingana nao.

Rezista ya waya wa kuzungushwa haifai, kwani yenyewe ni koili. Nilitumia ya oksidi ya metali, wati 3, na kapasita ya polipropilini ya volti 250, miguu nikaikata mifupi kabisa.

Mtetemo ulikoma. Bado huwa naigusa ile rezista muziki ukiwa umenyamaza: ikiwa baridi, naacha kila kitu kilivyo, ikiunguza, amplifaya inatetema tena, nazima papo hapo.