Nasoma sana lakini hakiingii

Mimi ni mshauri wa masomo chuoni, yule mtu ambaye mwanafunzi huelekezwa kwake matokeo yakishatoka vibaya. Kabla ya hapo wachache sana wanajua kwamba nipo. Wakija, kila mmoja ana mkasa wake, lakini wengi hufungua mazungumzo kwa maneno yaleyale: "Mwalimu, nasoma sana lakini hakiingii." Huwa nawaamini. Mvivu haji kwangu. Mvivu anajua vizuri kwa nini amefeli na hahitaji miadi ili aambiwe.

Siwaulizi "unasomaje?" kwa sababu swali hilo lina jibu ambalo kila mtu ameshalikariri: nina ratiba, nasoma kwa utaratibu, naenda maktaba. Nauliza kuhusu jana. Ulikaa mezani saa ngapi, ukafungua nini, kalamu uliishika lini, simu ilikuwa wapi, uliinuka kwa kuwa umemaliza au kwa kuwa umechoka? Ukiifuata jana ya mtu hatua kwa hatua, mambo yanajitokeza yenyewe. Alifungua madesa. Akasoma. Akapiga rangi ya njano. Akarudia kurasa zilezile. Akalala alfajiri akiamini amepiga msuli wa haja.

Muhula huu kijana mmoja wa mwaka wa pili aliniletea madesa yake ya fiziolojia ili nione bidii yake. Bidii ilikuwepo kweli. Ukurasa wa figo ulikuwa wa njano karibu wote, na kwa kuwa njano ilishazidi, aliongeza pinki ili yaliyo muhimu zaidi yajitenge na yaliyo muhimu. Nilichukua karatasi nyeupe nikaufunika. "Haya, nieleze figo inachujaje damu." Akaanza vizuri: damu inaingia, kuna presha, maji na chumvichumvi vinapita, seli za damu zinabaki. Kisha akanyamaza, na mkono wake ukaanza kuisogelea ile karatasi. Nikaweka kiganja juu yake. Akacheka.

"Lakini hii naijua, mwalimu. Jana nimeisoma mara tatu."

Nikampa kalamu achore. Alichora nefroni, kile kichujio kidogo cha figo, nzuri kuliko ambayo ningeichora mimi, akaandika majina, akafika kwenye kitanzi cha Henle, kile kijibomba chake kilichopinda, akakwama. Jina alilijua. Alijua pia kwamba kinashuka kisha kinapanda. Kwa nini kishuke na kupanda, hakuwa na la kusema. Nikamwambia sasa ndiyo tumepata cha kusoma leo. Kurasa nyingine zote alikuwa anazirudia kwa sababu zilikuwa zinamkubali.

Tatizo la wengi si kuingia. Kinaingia, ila hawajawahi kujizoeza kukitoa. Ukisoma ukurasa kwa mara ya tatu macho yanateleza, kila sentensi inaonekana rafiki wa zamani, na akili inahesabu urafiki huo kuwa ni kujua. Kumbe kutambua kitu ukikiona na kukikumbuka kikiwa hakipo ni kazi mbili tofauti, na mtihani unapima ya pili. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Wengine walikisoma kifungu mara ya pili. Wengine waliandika kila walichokikumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka karibu asilimia 56 ya kifungu, waliorudia kusoma asilimia 42. Na katika jaribio lao la pili, waliosoma tu kwa kurudiarudia ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Hilo la imani ndilo ninalowatajia wanafunzi, kwa sababu hapo ndipo wanapojiona.

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipitia mbinu kumi za kusoma wakiangalia ushahidi wa kila moja. Kupiga rangi na kurudia kusoma ziliangukia kundi la chini. Zilizopanda juu ni mbili: kujipima, na kuyatawanya masomo katika siku mbalimbali badala ya kuyarundika usiku mmoja. Hakuna uganga hapo. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokijua, fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho rudia yale ya rangi nyingine tu. Halafu baada ya siku chache, halafu wiki ijayo. Kwa wa hesabu, funika suluhisho mpaka umekwama kwa haki. Kulisoma suluhisho na kuona kila hatua inaeleweka ni kama kumtazama mtu anaogelea.

Yote hayo naweza kumweleza mtu kwa dakika kumi. Anaitikia kwa kichwa, anaandika, anashukuru, na baada ya majuma mawili anarudi na madesa ya njano.

Hili lilinisumbua kwa muda mrefu, na jibu nililolipata si la mbinu. Watu wanarudia kusoma kwa sababu kunatuliza. Mtihani unakaribia, moyo unadunda, na mkono unatafuta kitu cha kufanya ambacho hakitauma. Kupiga rangi hakuumi. Kufunika ukurasa kunauma, kwa sababu papo hapo unakutana uso kwa uso na usichokijua, tena ukiwa peke yako, usiku, ukiwa umeshachoka. Mwenye hofu hawezi kuchagua njia hiyo kwa kuambiwa tu kwamba ni bora. Ndiyo maana siku hizi silitenganishi somo la "namna ya kusoma" na swali la "unaendeleaje", ingawa kwenye makaratasi ya vyuo vingi hizo ni ofisi mbili, mara nyingine kwenye majengo mawili.

Kuahirisha kazi nako ni mtoto wa mama huyohuyo. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, ambao wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, wanasema anayeahirisha hashindwi na saa. Anashindwa na hisia. Kazi inamletea wasiwasi, anaiweka pembeni, wasiwasi unashuka, na ile nafuu fupi inamfundisha kuahirisha tena. Kuna utafiti wa mwaka 2010 wa Michael Wohl, Pychyl na Shannon Bennett uliofanywa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: walioahirisha kujiandaa kwa mtihani wa kwanza wakajisamehe, kuahirisha kwao kulipungua kabla ya mtihani uliofuata. Najua kuna wazazi na wahadhiri watakaonuna wakifika hapa. Wanaona mwanafunzi asipojichapa atalegea. Mimi ninaowaona ofisini wamejichapa mpaka hawawezi kuifungua faili ya kazi yenyewe.

Chukua huyu wa kazi iliyopitwa na tarehe. Amechelewa siku mbili, akaona aibu, akaacha kuhudhuria kipindi ili asikutane na mhadhiri, na sasa ni mwezi. Namwambia tuandike ujumbe hapahapa. Rasimu yake ya kwanza huwa na aya nne: ugonjwa wa shangazi, kompyuta iliyozima, kuomba radhi mwanzoni, katikati na mwisho. Tunaifuta. Inabaki hivi:

"Habari za leo, Dokta. Sijawasilisha kazi ya pili, na nimekosa vipindi vya mwezi huu. Naomba kujua kama bado naweza kuiwasilisha na kwa masharti gani. Nipo tayari kuja ofisini siku utakayonipangia."

Kisha nakaa naye mpaka abonyeze kitufe cha kutuma. Usiponiona nimeshikilia kiti wakati huo, jua nimeshikilia ulimi. Wahadhiri wengi hujibu kwa upole kuliko alivyojiandaa, na hata anayekataa humwondolea mtoto wa watu mzigo wa kujificha.

Ratiba zao ni habari nyingine. Naletewa majedwali ya rangi saba yenye saa kumi na nne za kusoma kwa siku, na usingizi umebanwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Nakata. Naacha vipindi vitatu kwa siku, kila kimoja na swali lake la kujibu, maana "kusoma takwimu" si kazi, ila "kueleza kwa maneno yangu kwa nini tunagawanya kwa n kutoa moja" ni kazi, na utajua umeimaliza lini. Jedwali likishindikana siku ya kwanza lilikuwa jedwali baya, basi. Tunaandika jingine.

Usingizi lakini siupunguzi hata nikibembelezwa. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwafundisha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana, kisha wakapima walichokumbuka baada ya saa za kulala na baada ya saa zilezile za kuwa macho. Baada ya kulala walisahau machache kuliko baada ya kuwa macho. Watu wawili ni wachache mno kujengea sheria, ila utafiti wa miaka mia iliyofuata umeendelea kuonyesha kwamba usingizi ni sehemu ya kujifunza: ubongo unayapanga ya mchana ukiwa umelala. Anayekesha ili aongeze sura mbili anazikosesha nafasi sura kumi alizokwisha kuzisoma. Na kahawa inachukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, hivyo kikombe cha saa nne usiku, nusu yake bado kiko nawe saa tisa usiku, umejilaza unahesabu mabati.

Kuna wanaofika wakiwa wameshayafanya yote haya, na bado. Hapo naacha kuongea habari za madesa. Nasikiliza vitu vingine: usingizi umebadilika, hali chakula, hatoki chumbani, vitu alivyovipenda havimvuti tena, anasema mara kwa mara kwamba yeye ni mzigo. Hali hiyo ikiwa imedumu majuma mawili au zaidi, si suala la ratiba, na kumpa ratiba nyingine ni kumwongezea kitu cha kushindwa. Namuuliza waziwazi kama amewaza kujiua. Watu wanaogopa swali hilo wakidhani litampandikizia mtu wazo. Halimpandikizii, na mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapata ruhusa ya kulisema. Akijibu ndiyo, simwachi aende peke yake. Tunainuka wote tunaenda kwa mshauri nasaha, au hospitali, na nakaa mpaka nimemwona mikononi mwa mwenye ujuzi kuliko mimi. Rafiki wa chumbani anaweza kufanya hivyohivyo. Hata ukiwa umeapishwa kutunza siri, siri ya namna hiyo haitunzwi.

Kwa wale ambao hali haijafika huko lakini imelemea, kizuizi huwa ni mlango. Kwetu mlango wa washauri nasaha unatazamana na foleni ya malipo ya ada. Sijui nani alipanga hivyo, lakini huyo mtu hakuwahi kulia hadharani. Nimelalamika na nimejibiwa kwamba hakuna chumba kingine. Kwa hiyo nawaambia waende saa ambazo dirisha la malipo limefungwa, au waombe miadi kwa simu ama kwa mtandao, ambayo vyuo vingi sasa vinaruhusu.

Wanaogopa pia kwamba habari zitafika kwa mhadhiri au nyumbani. Mshauri nasaha anabanwa na maadili ya kazi yake: mnayozungumza yanabaki hapo, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, na mipaka hiyo anatakiwa akueleze mwanzoni kabisa. Asipokueleza, muulize. Miadi ya kwanza kwa kawaida ni maswali: umelalaje, umekulaje, lini ilianza, nani anajua, nini kinasaidia hata kidogo. Huhitaji kufika na hotuba wala kuwa na jina la ugonjwa. "Silali, na masomo yamenishinda" inatosha kabisa kuanzia. Kama hukuelewana na mshauri wa kwanza, kuomba mwingine si utovu wa adabu. Huombwa kila muhula na hakuna anayenuna.

Na ukiambiwa nafasi ya karibu ni wiki ijayo wakati wewe unajua hufiki wiki ijayo, usiseme "sawa, asante" ukaondoka. Sema hivyohivyo, kwamba huwezi kusubiri. Kwetu kila siku huachwa nafasi kwa ajili ya watu wa aina hiyo, ila hazibandikwi ukutani, na aliyeko mapokezi hawezi kukupa kama hajui kwamba unaihitaji.