Kobe mzee na kiboko yatima

Nimerudi sasa hivi kutoka Haller Park, bustani ya wanyama kule Bamburi, Mombasa. Nilikwenda na mama, pamoja na watoto wa marehemu kaka yangu.

Mlio wadogo huenda hamkumbuki. Disemba 2004 tsunami ilipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko alipotezana na wenzake kule Malindi. Akaokolewa baharini, akaletwa Haller Park, akaitwa Owen.

Akamkimbilia kobe dume wa Aldabra, wale makobe wakubwa mno, jina lake Mzee, aliyekisiwa kuwa na miaka 130 hivi. Mwanzo kobe hakutaka. Kiboko hakumwacha.
Wakaishia kula pamoja, kulala pamoja.

Nikawahadithia watoto mbele ya makobe. Yule mdogo akauliza: "Kwani alikuwa babu yake?"

Mama akanitangulia: "Ndiyo, mjukuu wangu. Aliyekulea ni wako."

Akamshika mkono, akamweleza ile aya ya Qur'ani, katika Suratul An'am, kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Sauti ilimtetemeka. Tangu kaka atutoke, yeye ndiye huwaamsha alfajiri, huwapikia uji, huwasikiliza wakisoma juzuu amma.

Nami nimekulia Mji wa Kale, kwa bibi, mashangazi na mama wadogo. Ungetukuta kwenye sinia la wali usingejua nani mtoto wa nani. Naupenda sana ulezi ule, na sitaki ufie mikononi mwetu.

Nyinyi mlilelewa na nani? Mtajeni hapa chini, tumuombee dua.