Siku moja maishani mwangu: chupa nne, sufuria moja

Saa 12 asubuhi. Napiga mswaki mapema makusudi. Dawa ya meno ikiwa bado mdomoni, divai yoyote utaiona chungu na utaisingizia bure. Kahawa ni kikombe kimoja, sasa hivi, halafu basi. Marashi sigusi siku ya kazi, maana pua ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Kazi hiyo ni kuandika maelezo mafupi yanayokaa chini ya mapishi ya nyumbani, ya kumwambia mpishi afungue chupa gani. Divai, mvinyo, waini, iite utakavyo. Watu hudhani nakunywa kutwa. Ukweli ni kwamba natema kutwa.

Saa 3. Pishi la leo ni kuku kwenye mchuzi wa nyanya wenye kitunguu saumu na pilipili kidogo. Mume wangu atalipika jioni. Namwomba azifunge chupa nne kwenye mifuko ya karatasi, aandike namba, kisha anyamaze. Jina la kwenye chupa huudanganya hata ulimi uliokomaa. Mwaka 1976 jijini Paris, waonjaji wa Kifaransa walionjeshwa divai za kwao na za California, Marekani, bila kuona majina, wakazipa za California nafasi ya kwanza, kwa nyeupe na kwa nyekundu. Mimi ni nani nijiamini kuliko wao?

Saa 4. Ulimi uko macho, njaa inaanza kunong'ona. Naizungusha glasi, nanusa, navuta funda dogo, nalisukutua mdomo mzima, natema. Namba 1 ni nyekundu nyembamba, chachu, haina mengi ya kusema. Namba 2 inanuka boksi lililolowa mvua. Huo ni ugonjwa wa kizibo: kemikali inayotokana na ukungu kwenye gome la mti lililotengenezewa kizibo. Haimdhuru mnywaji, ila inaua harufu ya matunda. Chupa nzima sinkini, na roho inaniuma.

Namba 3, lo! Nyeusi karibu na wino, imejaa matunda, na ina ukakasi ule unaokausha ufizi kama umetafuna ndizi mbichi. Naandika kwenye daftari: "Hii ndiyo ya leo." Namba 4 ni nyeupe, ina utamu wa mbali na uchachu wa kuamsha mate. Naipa alama za wastani.

Saa 6 mchana. Hapa ndipo ninapopapenda. Naweka kisahani chenye vitu vitatu: kipande cha ndimu, chumvi na asali. Nalamba asali, nanywa namba 3: imegeuka kali, matunda yamekimbia. Nalamba ndimu, nanywa ileile: imelainika, karibu iwe tamu. Chumvi nayo inapunguza uchungu na ukakasi. Divai haijabadilika hata tone, ulimi ndio uliobadilika. Ndiyo maana siiamini ile kanuni ya nyama nyekundu kwa divai nyekundu, nyama nyeupe kwa divai nyeupe. Inauliza aina ya nyama ilhali swali liko kwenye mchuzi: una chumvi kiasi gani, mafuta kiasi gani, ni mchachu, ni mtamu, unawasha? Chakula kichachu kinataka divai yenye uchachu wa kukitosha, la sivyo divai inapooza. Kitindamlo kinataka divai tamu kukizidi. Ukitaka hili likuingie, fanya jaribio la kisahani nyumbani. Linachukua dakika kumi.

Saa 8. Naandika majibu. Msomaji mmoja analalamika kwamba divai nyekundu na samaki vinamwachia shombo mdomoni. Hakosei. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kuwa madini ya chuma yaliyomo kwenye divai ndiyo yanayochochea shombo hiyo, na kiasi chake hutofautiana chupa kwa chupa. Namshauri atafute nyeupe, au ajaribu nyekundu nyingine kabla ya kukata tamaa.

Saa 11 jioni. Nyeupe iko kwenye friji tangu mchana. Nyekundu nazo naziingiza kwa dakika 20, mume wangu ananitazama kama mwehu. Lakini nyekundu hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Jikoni leo ni joto, na katika joto hilo pombe hutangulia kufika puani.

Saa 1 usiku. Chakula mezani. "Nimekamulia ndimu kidogo," mume wangu anasema, "nyanya zilikuwa zimepooza." Kidogo chake nakijua.

Namimina namba 3, kipenzi changu cha asubuhi. Balaa. Pombe yake inaichochea pilipili, ukakasi umebaki peke yake bila mafuta ya kuulainisha, na yale matunda niliyoyasifu hayaonekani. Mama mkwe anaisogeza glasi pembeni taratibu, kwa adabu. Namba 4 inafanya vizuri kuliko nilivyotegemea, ule utamu wake unatuliza muwasho. Halafu namba 1, ile niliyoidharau. Uchachu wake umekutana na wa nyanya, umenyamaza, na nyuma yake zinatokea cheri ambazo asubuhi sikuzinusa kabisa.

"Mwanangu," mama mkwe anasema akinyoosha glasi, "hii niongeze."

Tunavua mifuko. Namba 3 ni Cabernet Sauvignon, namba 4 ni Riesling, na namba 1 ni Chianti, divai ya Italia inayotengenezwa hasa kwa zabibu za Sangiovese. Zabibu za Italia, nyanya mezani, na mimi nilikuwa nimeiandika haina mengi ya kusema.

Saa 3 usiku. Nafuta sentensi ya asubuhi, naandika mpya. Mabaki nayarudishia vizibo na kuyaweka kwenye friji, hata nyekundu. Yatavumilia siku tatu hivi. Cabernet nimeibandika karatasi: "Kesho, mbavu za ng'ombe zenye mafuta. Usiguse." Mume wangu ameongeza chini yake kwa kalamu: "Bila ndimu?"