Tepe ya tatu

Mjomba wangu hakuambiwa na mkuu wake kwamba amepandishwa cheo. Aliambiwa na fundi cherehani wa hapa Githurai. Alikuwa koplo katika kambi ya Kahawa, yuko likizoni, na mwenzake aliyekwisha kuzipata habari kambini alikuwa amemwachia fundi tepe mpya ili amshangaze.

"Afande, njoo uchukue tepe zako tatu," mzee yule alimwita, bila kujua kwamba ilikuwa siri.

"Zangu ni mbili, mzee."

"Basi hesabu mwenyewe."

Nilikuwa naye. Alizigusa moja moja kwa kidole gumba, kisha akaketi kwenye benchi la wateja na kunyamaza kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa amesubiri usajenti kwa miaka mingi.

Si kila habari ya namna hii huleta furaha. Tarehe 30 Januari 1943, Friedrich Paulus, jenerali wa Ujerumani aliyekuwa amezingirwa na majeshi ya Kisovieti huko Stalingrad katika Vita vya Pili vya Dunia, alipandishwa kuwa jemadari mkuu kwa ujumbe wa redio kutoka kwa Hitler, aliyetarajia kwamba mwenye cheo hicho angejiua kuliko kujisalimisha. Kesho yake Paulus alitekwa. Naona ule ulikuwa ukatili uliovishwa heshima.

Mjomba alirudi kambini akajifanya hajui lolote. Shati lenye tepe zile, zilizoshonwa kwa uzi wa kijani uliokolea kidogo kuliko kitambaa, shangazi amelihifadhi sandukuni hadi leo.