Kidonda cha Mama na Mashine ya Mawimbi ya Sauti

Baada ya kiharusi Mama alilala wiki tatu, kidonda kikamtoka juu kidogo ya makalio, pale mfupa unapokutana na godoro. Kilianza kama doa lililokolea, ukilibonyeza halififii. Mimi kwa ujinga wangu nikawa nalisugua kwa mafuta, eti naamsha damu. Muuguzi alinikemea: pakishaumia hapasuguliwi, unazidi kuchana nyama ya ndani. Wakati huo lilikuwa shimo tayari. Akaliita daraja la 3, yaani ngozi yote imeliwa hadi kwenye mafuta ya chini yake.

Mtaalamu wa fiziotherapia alipotaja altrasaundi nilimuuliza, "Kwani Mama ana mimba?" Akacheka. Hii haipigi picha, alisema. Mawimbi yake hutikisa seli ili zichangamke kujenga nyama mpya. Alihakikisha kwanza kwamba usaha umekwisha, na kwamba hapo hapana saratani wala damu iliyoganda mshipani. Akapaka jeli kwenye ngozi inayozunguka kidonda na kuzungusha kichwa cha mashine bila kukisimamisha, dakika chache tu, mara tatu kwa wiki. Alitumia megahezi 3, kwani megahezi 1 huzama mbali zaidi, na mawimbi yalitoka kwa kukatizwa-katizwa nyama isije ikapata joto.

Kila Jumatatu nilitandika karatasi safi ya nailoni juu ya kidonda nikachora ukingo wake kwa kalamu ya wino. Macho hudanganya, hasa ya mtu anayetamani kuona nafuu. Wiki mbili za kwanza mchoro haukubadilika. Wa tano ulikuwa umesinyaa waziwazi.

Ni mashine? Siwezi kuapa. Mapitio ya mwaka 2006 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 3 yenye wagonjwa 146, hayakuona ushahidi kwamba altrasaundi inaharakisha kupona kwa vidonda hivi. Na siku zote hizo nilikuwa namgeuza Mama kila saa mbili, namlaza ubavu nusu kwa mto mgongoni, visigino vikining'inia bila kugusa godoro, mayai na maharage hayakosi. Mashine ilifanya kazi dakika chache. Saa nyingine zote zilikuwa zangu na ile alamu ya simu.

Kidonda kilifunga mwezi wa nne. Kovu haliwi imara kama ngozi ya mwanzo, kwa hiyo alamu sijaifuta. Siku hizi ikilia usiku namsikia upande wa pili wa pazia: "Nimeshageuka, mwanangu. Lala."